Kiporo cha Harusi na Tumbo Lililokawia Kupona: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Kutoka Lamu

Mgonjwa ninayemzungumzia ni mwanamke wa miaka 41, mama wa watoto wanne, mkaazi wa Mji wa Kale wa Lamu, na mpishi anayetegemewa na majirani kila panapokuwa na harusi au hitima. Ameniruhusu kukieleza kisa chake kwa sharti kwamba jina lake na la mtaa wake yasitajwe. Nimeamua kukiandika kwa sababu wagonjwa wa namna yake ni wengi katika kituo ninachofanyia kazi ya utabibu: mtu huugua tumbo kwa chakula, hutibiwa, huambiwa amepona, kisha hubaki miezi kadhaa na tumbo asilolitambua kuwa ni lake. Wengi wao husadiki kwamba kidudu kingali ndani, hununua dawa zile zile tena, na kila wanapozirudia hali huzidi kuharibika. Naona chanzo cha mkanganyiko huo ni jambo ambalo sisi matabibu hatulielezi ipasavyo. Maradhi ya kuhara yatokanayo na chakula hayamshambulii mtu peke yake; huishambulia pia jamii kubwa ya bakteria wanaoishi katika utumbo wake, na jamii hiyo huchukua muda mrefu zaidi kurudi kuliko ule unaotosha homa kushuka na choo kukauka.

Chakula chenyewe

Harusi ilikuwa siku ya Ijumaa, katika maleleji, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi haijashika, wakati ambapo joto la kisiwa huwa kali na vichochoro havipitishi hewa. Kuku walikuwa wa barafu, walioletwa kwa mashua kutoka Mokowe usiku, wakakatwa uani alfajiri na kutiwa katika mabeseni mawili ya plastiki. Biriani iliiva kabla ya adhuhuri. Wanaume waliokula baada ya sala ya Ijumaa, sinia zao zikipakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye masufuria yaliyokuwa bado yanafuka moshi, hawakuugua hata mmoja, na jambo hilo lilinisaidia sana baadaye katika kufikiri.

Masufuria yalikuwa ya kukodi na yalitakiwa kurudishwa jioni. Kwa hiyo rojo lililobaki lilimiminwa katika beseni mojawapo ya yale yaliyokuwa na kuku wabichi asubuhi, nalo lilikuwa limesuuzwa kwa maji tu, bila sabuni wala maji ya moto. Likafunikwa kwa kawa, likakaa jikoni mpaka saa tatu usiku, wapishi walipopata nafasi ya kukaa na kula wao wenyewe. Walilipasha moto kidogo tu, likawa vuguvugu. Kati ya joto la nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria wa chakula huzaana, na wakiwa katika joto la jiko la Lamu na chakula chenye mafuta, nyama na maji, baadhi yao huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Kutoka adhuhuri hadi saa tatu usiku ni saa tisa. Idadi ndogo iliyosalia kwenye ufa wa beseni ilikuwa na wasaa wa kutosha.

Watu 12 walikula kiporo kile, na 9 wakaugua. Wa kwanza alianza kutapika saa sita mchana wa Jumamosi, yaani baada ya saa 15 hivi. Mgonjwa wangu alianza saa nane mchana kwa baridi na homa, kisha maumivu ya kukata chini ya kitovu, kisha kuhara maji. Siku ya pili choo chake kilikuwa na kamasi na nyuzi za damu.

Mpangilio huo wa saa unasema mengi kabla hata ya kufika maabara. Sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus, ambayo hutoka kwenye mikono na pua za wapishi na haiondolewi kwa kupashwa moto, humpata mtu ndani ya saa 1 hadi 6, na kwa kawaida haina homa. Bacillus cereus wa wali uliolala hutapisha ndani ya muda kama huo huo, au huharisha baada ya saa 6 hadi 15, na yeye pia kwa kawaida haleti homa wala damu. Campylobacter, bakteria aliye mwenzi wa kuku, huchukua siku 2 hadi 5. Homa pamoja na kamasi na damu, baada ya nusu siku na zaidi kidogo, kwa watu waliokula kuku, kulinielekeza kwenye Salmonella, bakteria mwingine aliye mwenzi wa kuku. Maji niliyafikiria pia, kwa kuwa nyumba ile ina kisima kilicho karibu na choo cha jirani, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mji wetu uliobanana. Lakini maji yale yalinywewa na watu wa nyumba nzima, na walioumwa ni wale tu waliogusa beseni lile.

Kwa nini yeye

Wagonjwa wanane waliosalia walipona ndani ya siku nne au tano kwa maji ya ORS, uji na kupumzika. Wengine walikunywa madafu, na sikuwakataza, ingawa niliwaeleza kwamba dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo haliwezi kushika nafasi ya ORS kwa mtu anayepoteza maji na chumvi kwa wingi. Yeye peke yake aliendelea kuhara kwa siku 16. Alikula sinia moja na wenzake na hakula zaidi yao.

Jibu lilikuwa katika maswali ambayo sikumuuliza siku ya kwanza, nami nalijutia hilo. Wiki moja kabla ya harusi alikuwa amemaliza dozi ya amoksisilini, kiuavijasumu (yaani dawa ya kuua bakteria) aliyoinunua kwa ajili ya jino. Isitoshe, kwa miezi miwili alikuwa akimeza omeprazoli kila asubuhi kwa ajili ya kiungulia. Asidi ya tumbo ni mlinzi wa kwanza dhidi ya bakteria wanaoingia na chakula, na omeprazoli ilikuwa imempunguza nguvu. Mlinzi wa pili ni jamii ya bakteria wa utumbo mpana, na amoksisilini ilikuwa imeipunguza kabla ya adui kufika.

Ulinzi huu wa pili umejulikana kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marjorie Bohnhoff na C. Phillip Miller wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa panya dozi moja ya streptomaisini kabla ya kuwalisha Salmonella. Panya wasiopewa dawa walihitaji bakteria takriban 100,000 ili nusu yao waambukizwe. Waliopewa dawa waliambukizwa kwa bakteria wasiofika 10. Dawa haikuiongezea Salmonella nguvu yoyote. Ilichofanya ni kuwaondoa wenyeji waliokuwa wamejaza nafasi, wanakula kila punje ya sukari na kutoa asidi fupi zinazoizuia Salmonella isikue. Mpishi wangu alikuwa na hali inayofanana na ya panya wale, na watu wa sinia yake hawakuwa nayo.

Kinachotendeka ndani

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye kiini cha kisa.

Mtu mzima ana bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, na karibu wote wamo katika utumbo mpana. Wakipimwa kwa pamoja wanakaribia uzito wa gramu 200. Sehemu wanayoishi haina oksijeni ila kidogo mno, na ukosefu huo hauji wenyewe. Unatengenezwa kila saa. Bakteria wa kundi la Clostridia, akiwemo Faecalibacterium prausnitzii, huchachua nyuzinyuzi za vyakula ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, na katika kuchachua huko hutoa asidi fupi iitwayo butireti. Seli zinazotanda ukuta wa utumbo huitumia butireti hiyo kama chakula chao kikuu, na ili kuichoma humaliza oksijeni iliyoletwa na damu, hivyo kwamba haipenyi kuingia ndani. Bakteria hulisha ukuta, na ukuta huwalinda bakteria hao dhidi ya oksijeni ambayo ingewaua. Huo ndio mkataba wa watu wa nyumba moja, na mtu hauhisi mpaka uvunjike.

Salmonella huuvunja kwa makusudi ya kimaumbile. Ikifika katika utumbo hutumia protini zake zilizo mfano wa sindano kuchoma seli za ukuta na kujiingiza ndani yake. Mwili hujibu kwa mchochota, yaani sehemu ile huwaka, huvimba na kujaa seli nyeupe za damu zinazomwaga molekuli kali za oksijeni ili kumuua mvamizi. Mtu angedhani kwamba moto huo humwangamiza Salmonella kwanza. Kinyume chake, kinachoangamia zaidi ni wenyeji wasiozoea oksijeni, na Salmonella hufaidika.

Namna inavyofaidika iliwekwa wazi mwaka 2010 na kundi la Andreas Bäumler katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Utumbo wa kawaida huwa na haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo hutolewa na baadhi ya bakteria wenyeji. Kwa kuwa gesi hiyo ina sumu, ukuta wa utumbo huigeuza kuwa thiosalfeti isiyodhuru. Mchochota unapowaka, molekuli za seli nyeupe huigeuza thiosalfeti hiyo kuwa tetrathioneti, na Salmonella inao uwezo wa kuitumia tetrathioneti badala ya oksijeni, kana kwamba inaivuta pumzi, ilhali wenyeji wengi wanaotegemea kuchachua hawana uwezo huo. Wakati majirani wanadhoofika kwa moto, yeye amepata hewa yake peke yake. Wanamaabara walikuwa wakiutumia uwezo huu kwa miongo mingi bila kujua maana yake ndani ya mwili: mchuzi wa kuoteshea Salmonella uliobuniwa katika miaka ya 1920 una tetrathioneti ndani yake, kwa sababu ilionekana kwamba katika mchuzi huo Salmonella hustawi na wengine hushindwa. Choo cha mgonjwa wangu kinapooteshwa katika chupa ya maabara, kinafanyiwa kitu kinachokaribiana na kile ambacho tumbo lake lilikuwa limekwisha kukifanya.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nililazimika kubadili namna ninavyowaeleza watu maana ya kuhara. Nilikuwa nikisema kwamba mwili unamtoa mdudu nje. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini maji yanayotoka hayachagui. Yanawaondoa na wenyeji, na ute unaowahifadhi, na chakula chao, wakati ambapo mgonjwa hali chochote chenye nyuzinyuzi. Siku tano za kuhara ni siku tano za njaa kwa bakteria watengenezao butireti. Ukuta ukikosa butireti hupunguza kutumia oksijeni, oksijeni ikavuja kuingia ndani, na wanaoiweza oksijeni, Salmonella na jamaa zake wa kundi la E. coli, huzidi kustawi. Mgonjwa akiongezewa dawa ya kuua bakteria katikati ya hali hiyo, wanaoumia tena ni wale wale.

Dawa, na kosa langu

Jumapili asubuhi kijana wake alikwenda duka la dawa akaeleza kwamba mama anahara, akapewa siprofloksasini na metronidazoli. Hakuulizwa kuhusu damu wala homa, wala dawa nyingine anazotumia. Metronidazoli haina kazi juu ya Salmonella, ila ina kazi kubwa juu ya bakteria wasiotumia oksijeni, yaani wenyeji hasa ninaowazungumzia. Siprofloksasini inaweza kumfikia Salmonella, lakini kwa mtu mzima asiye na hatari maalumu haifupishi ugonjwa wa Salmonella wa kawaida. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1969 na Aserkoff na Bennett, uliotokana na mlipuko mkubwa Marekani, ulionyesha kwamba waliopewa viuavijasumu waliendelea kutoa Salmonella katika choo kwa muda mrefu kuliko wasiopewa. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi wakati ule. Ukiuelewa mzunguko wa butireti hayashangazi tena.

Siku ya saba aliletwa kwangu akiwa na karatasi ya kipimo cha Widal kilichofanywa mahali pengine, kikisema ana homa ya matumbo. Mamake mzazi ndiye aliyezungumza kwanza. "Mwanangu," aliniambia, "dawa amezimaliza na tumbo halijatulia. Mpe za nguvu zaidi." Nilijua kwamba Widal ni kipimo cha mwaka 1896 kinachotafuta kingamwili na si bakteria mwenyewe, na kwamba katika nchi yetu watu wengi wana kingamwili hizo kutokana na maambukizi ya zamani au ya aina nyingine za Salmonella, kama ile aliyokuwa nayo yeye. Nilichukua choo kipelekwe bara, kwenye maabara yenye uwezo wa kuotesha. Lakini sikuwa na ujasiri wa kumrudisha mama yule bila dawa, na joto la mgonjwa lilikuwa nyuzi 38.1, nikaanza sindano za seftriaksoni kwa siku tano. Majibu yalirudi siku ya kumi na mbili: Salmonella, wala si ile ya homa ya matumbo. Hiyo ilikuwa dozi yake ya tatu ya viuavijasumu ndani ya mwezi mmoja ukiihesabu na ile ya jino, na mimi ndiye niliyeandika ya mwisho.

Sitaki msomaji atoke hapa akiamini kwamba Salmonella ya kuku haitibiwi kamwe. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu, mzee dhaifu, mtu mwenye selimundu, mwenye upungufu wa kinga, au yeyote ambaye bakteria wameingia katika damu yake, anahitaji dawa na anaihitaji haraka. Hapa hapa pwani, kazi iliyofanywa Kilifi na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza mwaka 1989, imeonyesha jinsi Salmonella isiyo ya homa ya matumbo inavyoingia katika damu ya watoto wenye malaria, utapiamlo au upungufu wa damu, na wengi wao huwa hata hawahari. Kwa watoto hao kusubiri ni hatari. Mgonjwa wangu hakuwa mmoja wao: damu yake ilipooteshwa haikutoa kitu, hakuwa na selimundu, na alikuwa anakunywa na kukojoa vizuri.

Miezi iliyofuata

Kuhara kulikoma siku ya 16. Mwezi wa tatu tangu augue alirudi, amepungua kilo nne, akasema kwamba kila asubuhi baada ya chai hulazimika kwenda chooni mara nne au tano, mbio, na kwamba jioni tumbo hujaa upepo mpaka buibui lambana. Hakukuwa na damu, hakukuwa na homa, na hakuamshwa usiku na tumbo. Alikuwa amekwisha kunywa dawa za mitishamba za aina mbili na dawa ya minyoo. Alikuwa ameacha kupika katika harusi kwa hofu ya kukimbilia choo mbele za watu, na hilo lilimuumiza kuliko upepo wenyewe.

Niliotesha choo upya: hakuna Salmonella. Nilitafuta vimelea vya Giardia na amiba kwa hadubini, nikapima virusi vya UKIMWI, wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Vyote vilikuwa sawa. Kwa hiyo mvamizi alikuwa ameondoka, na kilichosalia kilikuwa matokeo ya kuvunjika kwa nyumba. Sikuwa na njia ya kuwahesabu bakteria wake mmoja mmoja, wala hakuna haja ya kupima hivyo katika tiba ya kawaida. Nilitegemea historia, dalili, na yale yaliyothibitishwa kwa wengine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mji wa Walkerton, Kanada. Mwezi Mei 2000 maji ya bomba ya mji huo yaliingiwa na E. coli O157:H7 na Campylobacter kutoka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Wakaazi walifuatwa kwa miaka minane. Miaka miwili hadi mitatu baada ya mkasa, zaidi ya theluthi moja ya waliougua walikuwa na dalili za utumbo wenye hamaki, ile hali ya maumivu, upepo na choo kisichotulia bila kidonda chochote kuonekana, ilhali miongoni mwa wasiougua ilikuwa kama mtu mmoja katika kumi. Baada ya miaka minane idadi miongoni mwa waliougua ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 15. Katika maambukizi ya kawaida ya tumbo kiwango ni kidogo kuliko cha Walkerton, takriban mtu mmoja katika kumi, na wanaopatwa zaidi ni wanawake, walioharisha muda mrefu, waliotumia viuavijasumu, na waliokuwa na wasiwasi mwingi wakati wa ugonjwa. Yeye alikuwa na yote manne.

Nilimsomea takwimu hizo kwa lugha nyepesi, na kilichomtuliza kilikuwa ile ya mwisho, kwamba wengi hupungukiwa na dalili kadiri miaka inavyopita. Aliniuliza, "Kwani daktari, bakteria wazuri hurudi wenyewe?" Nilimjibu kwa mfano wa mikoko, kwa sababu babake alikuwa mkata boriti na yeye ameiona mikoko ikikatwa na kuota. Ukikata mkoko, haurudi kwa siku moja wala haurudi kwa fujo. Kuna unaotangulia kushika tope, kisha wengine hufuata penye tope lililotulia. Watafiti waliowafuata wagonjwa wa kipindupindu mjini Dhaka, waliochapisha kazi yao mwaka 2014 wakiwa pamoja na Jeffrey Gordon wa Marekani, waliona mpangilio wa namna hiyo: bakteria walirudi katika utumbo wa wagonjwa kwa zamu, na zamu hizo zilifanana na zile ambazo bakteria huingia kwa mtoto anayekua. Mmoja wao, aliyeitwa Ruminococcus obeum, alionekana hata kuizuia Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, isishike utumbo wa panya. Inawezekana kuusaidia msitu uote, na inawezekana pia kuukata tena kila unapochipua, na dawa zisizo na sababu hufanya hilo la pili.

Chakula kama tiba

Nilipomuuliza anakula nini, nilielewa kwa nini hakuwa akisonga mbele. Kwa hofu alikuwa amebaki na wali mweupe, mkate wa boflo na chai ya maziwa. Ameacha mbaazi, kunde, muhogo, matunda, kila kitu ambacho bakteria watengenezao butireti wanakihitaji. Alikuwa anayalinda matumbo yake kwa kuyanyima wafanyakazi wake chakula.

Tuliondoa maziwa yasiyochachuka kwanza, kwa kuwa kuhara kwa muda mrefu huondoa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na chai yake ya asubuhi ilikuwa inachangia zile mbio. Akahamia chai ya rangi. Kisha tukaanza na vinavyochachuka polepole: uji wa mtama, ndizi mbivu, muhogo na viazi vilivyochemshwa vikaachwa vipoe, maana wanga uliopoa baada ya kupikwa huwa mgumu kusagwa katika utumbo mwembamba na sehemu yake hufika salama kwa bakteria wa utumbo mpana. Muhogo wa kupoa nilimsisitizia uliwe siku hiyo hiyo na ufunikwe, maana singependa kumtoa kwenye kiporo kimoja nimtie katika kingine. Baada ya wiki tatu aliongeza pojo, vijiko viwili, kisha vinne. Mbaazi ziliachwa za mwisho. Kila alipoongeza, upepo ulizidi kwa siku mbili tatu halafu ukashuka, na nilikuwa nimemwonya mapema ili asidhani ameugua upya. Bila onyo hilo nina hakika angeacha siku ya pili.

Kaka yake aliye Ghuba alimtumia vidonge vya bakteria wazuri, vya bei kubwa. Sikuwa na sababu ya kumwambia kwamba vina sumu, lakini nilimweleza kwamba uchunguzi wa taasisi ya Weizmann, Israeli, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba kwa watu waliotoka kutumia viuavijasumu, vidonge vya mchanganyiko wa bakteria vilichelewesha kurudi kwa bakteria wao wenyewe, wakati waliosubiri bila kitu walirudi mapema zaidi. Akaviweka kabatini. Maziwa lala, ambayo sehemu ya sukari yake imekwisha kuchachuka, aliyavumilia vizuri, na nilimwacha aendelee nayo kama chakula na si kama dawa.

Omeprazoli tuliipunguza taratibu mpaka ikaachwa. Kiungulia kilidhibitiwa kwa kula mapema jioni na kupunguza pilipili na vikaango.

Mwezi wa kumi

Sasa huenda chooni mara moja au mbili kwa siku. Kilo tatu kati ya nne zimerudi. Mbaazi za nazi na mahamri anakula Jumapili, kikombe kimoja, na upepo anaoupata hausumbui. Siku za wasiwasi tumbo bado humshtua, na hilo nimemwambia linaweza kuendelea kwa muda. Amerudi kupika. Katika harusi ya kwanza aliyoisimamia, mabeseni ya nyama mbichi yalipigwa rangi nyekundu ukingoni na hayakuingia tena jikoni baada ya kuku kutiwa chunguni, na chakula cha wapishi kilipakuliwa kwanza, kabla ya sinia za wageni, jambo ambalo baadhi ya wazee hawakulipenda mpaka alipowaeleza sababu.

Mwezi uliopita jino lile lile lilimuuma. Halikuwa na uvimbe wala usaha, na hakuwa na homa. Alikuja kwangu kabla ya kwenda duka la dawa. Niliandika barua kwa tabibu wa meno nikieleza historia yake, jino likang'olewa siku ya pili, akapewa dawa ya maumivu peke yake, na choo chake hakikubadilika.